Mbwa Yako Wakati wa Noeli na Bonane: Namna ya Kumulinda ili Asiteseke na Asitese Watu



Mara nyingi katika gazeti letu tunazungumuzia mbegu, mbolea, magonjwa ya muhogo na namna ya kuweka mavuno ku depo. Leo tunataka kuzungumuzia munyama mwenye haandikwe katika rejista yoyote ya koperative, lakini mwenye anafanya kazi usiku wote bila mushahara: mbwa. Yeye ndiye analinda lupango. Yeye ndiye anafukuza nyani mu shamba la mahindi na mwizi ku mulango wa depo. Wakati mbuzi zinalala, yeye anaamuka.

Kule Ulaya mwezi wa 12 ni wakati wa baridi na teluji. Kwetu mashariki mwa Congo ni wakati wa mvua, wa maharagwe ya kwanza, wa watoto kupumuzika masomo, na wa wageni kutoka mujini. Ni wakati wa furaha. Lakini kwa mbwa, juma mbili hizo zinaweza kuwa hatari kuliko mwaka muzima. Na ikiwa mbwa anapata shida, mara nyingi shida hiyo inaishia kwa mutoto wa nyumbani.

JAMBO LENYE LILITUFUNDISHA

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka fulani, mwezi wa 10, tulienda kutembelea koperative moja ya maharagwe ku milima. Mama mumoja mwanamemba alitupokea kwake. Ku mulango wake kulikuwa mbwa mwekundu, jina lake Simba, amefungwa na kamba ya nailoni shingoni. Tulimupita. Tulizungumuza juu ya nafasi kati ya mistari, juu ya kupalilia, juu ya bei ya soko. Juu ya mbwa hatukusema hata neno moja. Hatukuuliza kama alipata chanjo. Tulifikiri: sisi ni maagronome, mambo ya mbwa ni ya veterineri.

Usiku wa tarehe 31 mwezi wa 12, vijana walipiga petari ku barabara, na wengine wakagonga masufuria na mabati ili kupokea mwaka mupya. Simba aliogopa sana, akavuta kamba mupaka ikakatika, akakimbia. Watu walimutafuta siku ya Bonane, hawakumuona. Alirudia siku ya tatu, mwembamba, na kidonda ku mugongo chenye kilionyesha kama mbwa mwingine alimuuma. Mama alisafisha kidonda, akamushukuru Mungu, akamufunga tena. Mambo yakaonekana kuwa yameisha.

Mu mwezi wa 2, Simba aligeuka. Alikataa kula, sauti yake ilibadilika, mate yalikuwa yanamwangika. Mutoto wa miaka 7 alimupelekea maji, sawa vile alikuwa anafanya kila siku. Simba akamuuma mukono. Kisha siku tatu mbwa akakufa.

Ashukuriwe muuguzi wa kijiji, mwenye aliosha kidonda saa ile ile na kusema: "Mama, leo leo mupeleke mutoto mujini." Mutoto alipata chanjo zote, na leo anasoma. Lakini mama aliuzisha mbuzi mbili kwa sababu ya transpori na matunzo, mbuzi zenye alikuwa ameweka kwa ajili ya mbegu za mwaka wenye kufuata. Chanjo moja ya mbwa, mu mwezi wa 10, ingekuwa bei ndogo sana kuliko mbuzi hata moja. Na sisi tulikuwa pale mu mwezi wa 10.

Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. KELELE: MBWA ANASIKIA KULIKO SISI

Masikio ya mbwa yanasikia sauti nyembamba zenye mutu hawezi kusikia, na kelele ndogo ya mbali yeye anaisikia vizuri. Basi petari yenye inapasuka karibu naye ni kama bomu. Yeye hajui kama ni sikukuu. Anajua tu kama kuna hatari, na mwili wake unamwambia: kimbia.

Sisi wenyewe mu mikoa yetu tunajua vizuri woga huo. Kwa sababu ya vita, watu wengi wakisikia petari wanafikiri ni risasi. Mara nyingi viongozi wa miji wanakataza petari wakati wa sikukuu kwa sababu hiyo. Basi kumuheshimia mbwa ni pia kumuheshimia jirani mwenye alikimbia vita na mwenye bado anashituka usiku.

Mambo ya kufanya:

- Tarehe 24 na 31, mbele ya giza kuingia, umupe mbwa chakula na maji, umutembeze kidogo ili achoke.
- Kisha umuingize mu kijumba, mu jiko ya zamani ao mu chumba chenye kufungwa. Umuwekee gunia kavu na kitambaa chenye kiko na harufu yako. Harufu ya mwenye nyumba inatuliza mbwa.
- Usimufunge na kamba ya shingo usiku huo inje ya nyumba. Mbwa mwenye anaogopa anaruka, na kamba inaweza kumukaba ao kukatika.
- Kama iko na redio, uiache inasema polepole. Sauti ya kawaida inafunika kidogo zile za inje.
- Akitetemeka, usimupige na usimugombeze. Ukae karibu naye kimya. Kumupiga kunamufundisha kama kelele na maumivu vinaenda pamoja.

Mbwa mwenye anaogopa unamujua hivi: mukia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala, anapumua haraka, anatafuta fasi ya kujificha, ao anakojoa bila kutaka. Haiko uchawi wala ubaya. Ni woga.

2. CHAKULA CHA SIKUKUU: ILE TUNATUPA NDIYO INAMUUA

Siku ya Noeli kila mutu anakula nyama, na kila mutu anamutupia mbwa kitu. Hapa kuko mambo matano ya kuangalia.

Mifupa ya kuku yenye kupikwa. Mufupa ukipikwa unakuwa mugumu na unapasuka kama sindano. Unaweza kukaba koo ao kutoboa matumbo. Muikusanye yote mu sahani moja, muitupe mu shimo la choo ao muizike mbali chini. Mifupa ya samaki pia.

Mapafu na maini mabichi ya mbuzi, kondoo ao ngombe. Hapa tunaomba muangalie sana. Wakati mukichinja, mara fulani munaona mu mapafu ao mu maini vifuko vyenye kujaa maji. Ndani ya vifuko hivyo muko minyoo midogo. Mbwa akivila vibichi, minyoo inakomaa mu matumbo yake, na mayai yake yanatoka pamoja na mavi. Mayai yanaanguka ku majani, mu maji, ku nywele za mbwa. Mutoto akimushika mbwa na kula bila kunawa, yeye pia anaweza kuota kifuko mu maini ao mu mapafu, na mara nyingi inaomba apasuliwe. Mbuzi ikila majani hayo, mambo yanaanza upya. Njia ya kukata muzunguko huo ni rahisi: nyama yenye vifuko, muiunguze ao muizike mbali chini fasi yenye mbwa hawezi kufukua. Zingine za ndani, muzichemushe kwanza zaidi ya nusu saa ndipo mumupe.

Mahindi na karanga zenye kuoza. Mu mwezi wa 12 watu wanasafisha depo. Mahindi yenye kuvu ya rangi ya kijani ao ya manjano wanatenga, na wanasema: "Hii ni ya mbwa na kuku." Tunaomba muache desturi hiyo. Kuvu inatoa sumu yenye kuitwa aflatoksini, na mbwa ni moja kati ya wanyama wenye sumu hiyo inawapata haraka. Inaharibu maini: anakataa kula, anatapika, macho yanakuwa manjano, na anakufa. Kupika fufu hakuondoe sumu hiyo. Ile mutu hawezi kula kwa sababu ya kuvu, hata mbwa asile.

Vitunguu, shokola na pombe. Vitunguu na vitunguu saumu, vibichi ao vyenye kupikwa mu supu, vinaharibu damu ya mbwa. Shokola yenye wageni wanaleta kutoka mujini inashitua moyo wake. Kasiksi na lotoko ni sumu kwake. Kuko vijana wenye wanamunywesha mbwa pombe ili wacheke. Anaweza kukufa usiku ule ule, na hapo haiko kicheko tena.

Mafuta mingi. Mbwa mwenye amezoea fufu na sambaza, ukimupa ngozi ya nguruwe na mafuta ya kukaanga kwa siku moja, anatapika na kuhara. Umuache na chakula chake cha kawaida: fufu, sambaza ao ndagala, na kipande cha nyama bila mufupa ili na yeye ajue ni sikukuu. Hiyo inatosha kumufurahisha.

Tuongeze neno moja juu ya dawa. Wakati wa kusafisha depo, watu wengi wanaweka dawa ya panya. Mbwa anaweza kula dawa yenyewe, ao kula panya mwenye ameikula. Muiweke fasi ya juu ao ndani ya kisanduku chenye kitundu cha panya tu, na mupite kila asubui kuokota panya zenye kukufa na kuzizika. Dawa ya kunyunyizia maharagwe isiwekwe hata siku moja mu shupa ya Fanta ao mu bidoni ya mafuta ya kula. Na dawa za watu za kutuliza maumivu, sawa ibuprofeni na diklofenaki, musimupe mbwa: zinaharibu tumbo na figo zake.

3. MVUA, KAMBA NA MAJI

Mbwa wengi wa mukoa wetu wanalala inje. Mu mwezi wa 12 hiyo ni shida, zaidi sana ku milima kwenye usiku ni baridi. Haiombe pesa mingi. Mbao nne, bati ya zamani, na mawe ili sakafu isiguse udongo: hicho ni kijumba. Mulango uangalie upande kwenye upepo hautoke. Ndani muweke majani makavu na muyabadilishe kila juma, kwa sababu majani yenye maji yanaleta viroboto na ngozi kuuma.

Kama munapashwa kumufunga muchana, muangalie mambo tatu: mukanda wa shingo uwe mupana, wala si nailoni nyembamba yenye kukata, vidole viwili viweze kuingia kati ya mukanda na shingo, na kamba iwe murefu ili afikie kivuli na maji. Usiku, kama lupango limefungwa vizuri, mumufungue. Mbwa mwenye amefungwa muchana na usiku anakuwa mukali kwa kila mutu, hata kwa mutoto wenu.

4. WAGENI NA WATOTO

Siku za Noeli nyumba inajaa. Bibi, shangazi, wajomba na watoto wao wanakuja, na mbwa hawajui. Kazi yake ya kila siku ni kuzuia watu wenye hawajui. Basi ni sisi tunapashwa kumusaidia.

Mgeni akibisha, mutu wa nyumbani atoke kwanza, ashike mbwa, amuache anuse mikono ya mgeni wakati mwenyeji anasema polepole. Kama mbwa ni mukali, mumuweke mu kijumba mupaka wageni watakaa.

Shirika la OMS linasema kama katika watu 10 wenye wanaumwa na wanyama wenye wanafikiriwa kuwa na kichaa cha mbwa, wane ni watoto wenye hawajafika miaka 15. Basi tufundishe watoto, na wale wa mujini pia:

- Usiguse mbwa mwenye anakula, mwenye analala, ao mwenye iko na watoto wake.
- Usivute mukia wala masikio.
- Mbwa wa jirani, usimuguse mbele ya kuuliza mwenyewe.
- Mbwa akikufuatia, usikimbie na usipige kelele. Simama kama muti, mikono chini, usimuangalie mu macho. Ukianguka, jikunje kama jiwe na ufunike masikio na shingo.
- Ukiumwa, hata kidogo, sema saa ile ile. Hakuna mutu atakupiga.

Hii ya mwisho wazazi ndio wanapashwa kuitimiza. Watoto wengi wanaficha kidonda kwa sababu wanaogopa fimbo, na kuchelewa kunaweza kuwaua.

5. CHANJO, NA NAMNA YA KUFANYA MUTU AKIUMWA

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, wenye ku hospitali wanaita raje, uko mu mate ya munyama mugonjwa. Unaingia kupitia kuumwa, ao kupitia kidonda chenye kulambwa. Unatembea polepole mu mishipa mupaka ku ubongo: mara nyingi majuma kadhaa ao miezi, sawa vile ilifanyika kwa Simba. Mutu akiisha kuonyesha alama, karibu kila mara anakufa. Lakini mbele ya alama kuonekana, unaweza kuzuiwa. Dunia inajua kuuzuia tangu tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1885, wakati Louis Pasteur alianza kumutunza kijana Joseph Meister kule Paris.

Kwa mbwa: chanjo ya kwanza mara nyingi inatolewa akiwa na miezi tatu, kisha kila mwaka, sawa vile veterineri atapanga. Wataalamu wanasema kama mbwa 70 juu ya 100 wa fasi moja wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo sababu hii ni kazi ya koperative, haiko ya mutu mumoja tu. Ukichanja mbwa yako peke yake, umelinda lupango. Mukichanja wote, mumelinda kijiji.

Mutu akiumwa ao kukwangurwa:

Kwanza, saa ile ile, muoshe kidonda na sabuni na maji yenye kutiririka kwa dakika 15. Muhesabu vizuri: dakika 15 ni murefu kuliko munafikiri. Jambo hili peke yake linapunguza hatari sana.

Pili, muende ku kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni Noeli. Mueleze ni mbwa gani na ilifanyika namna gani. Wakiwapanga sindano kwa siku mbalimbali, mutu amalize zote, hata kama kidonda kimepona.

Tatu, musiweke jiwe nyeusi, pilipili, mafuta ya motokari wala majani. Jiwe nyeusi haitoe ugonjwa huo. Inatoa tu muda wenye mulikuwa nao.

Ine, mbwa mwenye aliuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, musimuue. Mumufunge na mumuangalie siku 10, na mujulishe veterineri. Akibaki muzima kisha siku hizo, daktari anajua jambo kubwa. Akikufa ao akigeuka, daktari anajua pia, na mumujulishe mara moja. Musiguse mate yake, musile nyama yake. Mumuzike mbali chini.

6. MUKISAFIRI

Wengi wanaenda kwa jamaa kwa siku tatu ao ine. Musimuache mbwa amefungwa na sufuria moja ya fufu. Mumuombe jirani mumoja, mutu mwenye mbwa anajua sauti yake, apite asubui na mangaribi. Mumuachie chakula na namba ya telefone ya veterineri. Mukirudia, mumuletee jirani huyo zawadi kidogo. Na kama mbwa alipotea wakati wa petari, mumutafute kwanza karibu na nyumba, chini ya gala, mu migomba: mbwa mwenye anaogopa mara nyingi haende mbali. Akirudia na kidonda cha kuumwa, musifanye sawa tulifanya kwa Simba. Mumuite veterineri hata kama kidonda ni kidogo, na watoto wasimukaribie mupaka atasema.

KALENDA YA KOPERATIVE

Mwezi wa 10 na wa 11: kamiti iandike liste ya mbwa wote wa wanamemba, na imuombe veterineri wa teritware apange siku moja ya chanjo. Watu wengi wakikuja pamoja, safari yake inakuwa bei ndogo kwa kila mumoja. Siku hiyo hiyo, mbwa wapewe dawa ya minyoo.

Juma la kwanza la mwezi wa 12: kutengeneza kijumba, kuangalia kamba na mukanda wa shingo, kufungia dawa za shamba.

Tarehe 20 mupaka 23: kufundisha watoto, kuzungumuza na vijana na shefu wa kijiji juu ya petari, kuchimba shimo la mifupa na za ndani.

Tarehe 24 na 31 mangaribi: mbwa ndani.

Juma la kwanza la mwezi wa 1: kuangalia mwili wa kila mbwa, kidonda kwa kidonda.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu? Nani atachukua liste?
2. Wakati tukichinja siku ya Noeli, za ndani zenye vifuko zinaenda wapi? Shimo litachimbwa na nani?
3. Mahindi yenye kuvu tunayapeleka wapi, kama si kwa mbwa na kuku?
4. Mutoto wetu akiumwa na mbwa leo usiku, kituo cha afya chenye kuwa na chanjo kiko wapi, na nani iko na pikipiki?
5. Tunaweza kuwaomba vijana wapokee mwaka mupya na ngoma na nyimbo pa fasi ya petari?

Swali la ine, musilipite haraka. Muandike jibu ku karatasi na muibandike ku mulango wa depo.

Sasa, kila mara tukifika ku lupango la mwanamemba, kisha kusalimia watu, tunauliza jambo moja mbele ya kuingia mu shamba: "Na huyu, alichanjwa?" Ule mama wa Simba iko na mbwa mwingine leo, mudogo, mweusi. Wakati tulimuuliza, hakujibu kitu. Aliingia ndani akaleta karatasi ya veterineri, amekunja vizuri mu plastiki, pamoja na karatasi za chanjo za watoto wake.

Noeli njema na Bonane, kwenu na kwa wale wanawalinda usiku.